Kusoma Taarifa Yako ya Mikopo na Kupandisha Alama Zako

Mtu anayetaka alama zake za mikopo zipande, yaani ile namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima kama atalipa, huanza mara nyingi mahali pasipofaa. Hufungua programu kwenye simu, hutazama tarakimu moja iliyopakwa rangi ya kijani au nyekundu, kisha huuliza ni mbinu gani itakayoiongeza kabla ya mwisho wa mwezi. Tarakimu hiyo hukokotolewa kutokana na maandishi yaliyomo katika taarifa ya mikopo, yaani kumbukumbu ya ulichokopa na jinsi ulivyokilipa. Maandishi yakiwa na kosa, alama nazo huwa na kosa. Yakiwa sahihi lakini mabaya, alama hazipandi mpaka maandishi yenyewe yabadilike. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na taarifa na kuzifikia alama baadaye, na msomaji mwenye haraka namsihi asiiruke sehemu ya kwanza, kwa kuwa kosa likipatikana na kurekebishwa, ni hatua chache zinazoleta mabadiliko upesi kama hiyo.

Kuipata taarifa

Benki, kampuni za kadi za mkopo, vyama vya akiba na mikopo na wakopeshaji wa kwenye simu hupeleka kumbukumbu za wateja wao, kwa kawaida kila mwezi, kwa kampuni zinazohifadhi taarifa za mikopo. Kenya zipo tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Tanzania kampuni za namna hii hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Marekani na Uingereza zinazotawala ni Equifax, Experian na TransUnion. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkopeshaji halazimiki kila mahali kupeleka kumbukumbu kwa kampuni zote, na kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na taarifa tatu zisizofanana, moja ikiwa safi na nyingine ikiwa na deni ambalo alidhani limesahauliwa. Kusoma moja na kuridhika nayo hakutoshi. Ziombwe zote.

Katika nchi nyingi haki ya kuiona taarifa yako imewekwa kisheria. Marekani, sheria ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu nakala moja ya bure kwa mwaka kutoka kila kampuni, na siku hizi nakala hizo hupatikana bure kila wiki kupitia tovuti moja tu iliyoidhinishwa, AnnualCreditReport.com. Kenya mteja anastahili nakala moja ya bure kwa mwaka. Uingereza nakala ya kisheria hutolewa bila malipo. Tovuti za kuiga ni nyingi, na nyingine huomba namba ya kadi ya benki kwa ajili ya huduma inayopaswa kuwa ya bure. Njia salama ni kuanzia kwenye tovuti ya benki kuu au mamlaka inayosimamia sekta hiyo na kufuata kiungo kilichomo humo, badala ya kubofya tangazo la kwanza linalojitokeza katika matokeo ya utafutaji. Utaombwa kuthibitisha kwamba ni wewe, kwa namba ya kitambulisho, namba ya simu, anwani za zamani, au maswali kuhusu mikopo uliyowahi kuchukua.

Wapo wanaoogopa kuiomba taarifa yao wenyewe kwa kudhani kwamba kufanya hivyo hushusha alama. Hofu hiyo haina msingi. Kinachoweza kushusha alama kidogo ni mkopeshaji kuifungua taarifa yako kwa sababu umeomba mkopo kwake. Wewe kujitazama, au mwajiri na kampuni kutazama kwa sababu nyingine isiyo ombi la mkopo, hakuhesabiwi.

Kuisoma mstari kwa mstari

Taarifa nyingi zina sehemu nne. Ya kwanza hueleza wewe ni nani: majina, tarehe ya kuzaliwa, kitambulisho, anwani, waajiri. Ya pili huorodhesha akaunti za mikopo. Ya tatu, pale inapokuwepo, hubeba kumbukumbu za umma kama vile kufilisika au hukumu ya mahakama kuhusu deni. Ya nne huorodhesha waliowahi kuifungua taarifa yako na tarehe walizofanya hivyo. Soma ukiwa na kalamu mkononi, pamoja na risiti, mikataba na taarifa za benki ulizozihifadhi, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hudanganya hasa kuhusu tarehe.

Sehemu ya utambulisho huonekana ya kuchosha, na ndiyo sababu hurukwa. Lakini makosa makubwa mara nyingi huingilia mlango huo. Herufi moja iliyokosewa katika jina, au tarakimu moja katika namba ya kitambulisho, huweza kuiunganisha taarifa yako na ya mtu mwingine kabisa, na madeni yake yakaanza kukaa chini ya jina lako. Watu wenye majina yanayofanana katika ukoo mmoja, baba na mwana kwa mfano, hupatwa na jambo hili zaidi kuliko wengine. Anwani usiyoijua ni dalili ya kufuatiliwa, hata kama sehemu nyingine zote zinaonekana sawa.

Katika sehemu ya akaunti, angalia mambo kadhaa kwa kila mkopo: tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha awali au kikomo cha kadi (kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwayo), salio, hali ya malipo ya kila mwezi, na tarehe ambayo deni lilianza kuchelewa kwa mara ya kwanza. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa katika nchi nyingine ndiyo inayoamua ni lini deni baya litaondoka katika taarifa, na mkusanya madeni akiisogeza mbele, ataifanya aibu yako iishi muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu. Tazama pia kama deni moja limeandikwa mara mbili, mara moja kwa jina la mkopeshaji wa awali na mara ya pili kwa jina la kampuni iliyolinunua, huku zote mbili zikionyesha kwamba bado unadaiwa. Mkopo uliokwisha lipwa lakini bado unasomeka kama ulio wazi ni kosa la kawaida sana, na vilevile kikomo cha kadi kilichoandikwa chini ya kiwango halisi.

Uliyemdhamini naye anaweza kuwemo humo. Deni ulilolidhamini, pale mkopaji anaposhindwa kulilipa, linaweza kuonekana katika taarifa yako ingawa hukuipokea hata senti moja ya fedha hizo. Kwa upande wa mikopo ya simu, hatari ni udogo wake: mtu husahau kiasi kidogo alichokopa kupitia laini aliyokwisha kuitupa. Kenya, tangu mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa kama taarifa mbaya, kwa hiyo ukiliona la chini ya hapo una hoja ya kulipinga.

Usidhani makosa haya ni ya wachache. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, katika utafiti ilioutangaza mwaka 2013, iligundua kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa lililothibitishwa katika angalau taarifa moja kati ya tatu. Mengi kati ya makosa hayo hayakubadilisha chochote, lakini kwa takribani asilimia 5 ya watu yalikuwa makubwa kiasi cha kuweza kuwafanya watozwe riba ya juu zaidi.

Kupinga kosa

Pingamizi lililoandikwa kwa hasira na kwa jumla, kwamba taarifa yote ni ya uongo, halifiki popote. Andika kuhusu mstari mmoja mmoja: taja jina la mkopeshaji, namba ya akaunti, kilichoandikwa, kilichopaswa kuandikwa, na ushahidi ulionao. Ambatisha nakala, kamwe usitume karatasi halisi, na hifadhi namba ya kumbukumbu utakayopewa. Mpelekee barua hiyo hiyo mkopeshaji aliyetoa taarifa, kwa sababu kampuni ya kumbukumbu, ikipokea lalamiko, humuuliza yeye. Na asiporekebisha vitabu vyake, kosa lililofutwa mwezi huu linaweza kurudi mwezi ujao pamoja na faili lake jipya.

Marekani kampuni ina siku 30 za kuchunguza, ambazo katika hali fulani huweza kufika 45. Uingereza ni siku 28. Kwingineko muda hutofautiana, lakini kanuni ya busara ni ile ile: weka tarehe kwenye kalenda, na siku ikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa msimamizi wa sekta. Kosa likirekebishwa, omba nakala mpya na uihakikishe mwenyewe badala ya kutegemea ujumbe wa simu unaosema kwamba suala limeshughulikiwa. Pingamizi likikataliwa na bado unaamini una haki, baadhi ya sheria hukuruhusu kuambatisha maelezo yako mafupi. Uingereza maelezo hayo huweza kufika maneno 200. Hayapandishi alama hata kidogo, ila afisa wa mkopo anayesoma faili kwa macho yake atayaona.

Hapa ndipo wanapojitokeza wale wanaoahidi kukusafishia jina kwa malipo. Hakuna wanachoweza kufanya kihalali ambacho wewe huwezi kukifanya kwa barua na subira, na deni la kweli lililoandikwa kwa usahihi haliondoki kwa kupingwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inawakataza kabisa kupokea malipo kabla ya kukamilisha kazi waliyoiahidi. Anayedai fedha kwanza, au anayekushauri ujitengenezee utambulisho mpya, aachwe.

Deni la kweli lina muda wake. Marekani malipo yaliyochelewa hukaa miaka 7 na aina moja ya kufilisika hukaa 10. Uingereza ni miaka 6. Kenya deni lililoshindikana hubaki katika kumbukumbu kwa miaka 5 tangu lilipolipwa. Muda huo wote halina uzito uleule, kwa sababu kadiri linavyozeeka ndivyo linavyopungua nguvu katika hesabu, hasa likifuatiwa na miezi mingi ya malipo safi.

Alama zinavyopatikana

Hakuna alama moja ya ulimwengu mzima, na hata ndani ya nchi moja zipo kadhaa. Inayojulikana zaidi ni ya FICO, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair pamoja na mwanahisabati Earl Isaac, ambayo mwaka 1989 ilitoa alama ya matumizi ya jumla inayokwenda kutoka 300 hadi 850. Kampuni tatu za kumbukumbu za Marekani zilibuni nyingine, VantageScore, mwaka 2006. Metropol ya Kenya hutumia kipimo cha 200 hadi 900. Kwa hiyo ukisikia kwamba fulani ana alama 700, swali la kwanza ni kwa kipimo gani.

FICO imeeleza hadharani uzito wa kila sehemu, na mgawanyo huo ni mwongozo mzuri hata kwa anayepimwa kwa kipimo kingine. Historia ya malipo hubeba asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, urefu wa historia 15, mikopo mipya 10 na mchanganyiko wa aina za mikopo 10. Mshahara haumo. Akiba yako ya benki haimo. Mkopeshaji anaweza kuviuliza kando, na mara nyingi huviuliza, lakini mtu mwenye kipato kikubwa anayechelewesha marejesho atakuwa na alama za chini kuliko mwenye kipato kidogo anayelipa kwa tarehe.

Kuzipandisha

Thuluthi mbili za alama zimo katika mambo mawili, kulipa kwa wakati na kutobeba deni kubwa kwenye kadi, na ni humo ndimo jitihada inapaswa kuelekezwa. Mengine nitayapita haraka.

Ukiwa na madeni yaliyochelewa, mpangilio wa kuyalipa una maana. Maoni yangu ni kwamba akaunti iliyo hai na iliyochelewa kidogo itangulie deni la zamani lililokwisha kuuzwa kwa wakusanya madeni, kwa sababu ile ya kwanza bado inaweza kuokolewa isiharibike zaidi, ilhali la pili limeshafanya madhara yake makubwa. Isipokuwa, bila shaka, pale ambapo deni la zamani linakaribia kufikishwa mahakamani au linagusa mali uliyoiweka rehani. Hapo alama huwa ni jambo la pili. Marekani malipo kwa kawaida hayaripotiwi kuwa yamechelewa mpaka siku 30 zipite, ingawa faini ya kuchelewa inaweza kutozwa siku ya kwanza. Kenya mkopo wa benki huhesabiwa kuwa haulipiki baada ya siku 90, na mteja anapaswa kuarifiwa siku 30 kabla ya jina lake kupelekwa kama mdaiwa mbaya. Siku hizo ni nafasi ya mazungumzo. Mkopeshaji aliyeendewa mapema na mtu anayesema ni kiasi gani anaweza kulipa na kwa tarehe gani, mara nyingi hukubali kupanga upya marejesho, aliyekimbiwa hakubali. Makubaliano yawe ya maandishi, yaeleze jinsi akaunti itakavyoripotiwa, na deni likiisha, idai barua ya kuthibitisha kwamba limekwisha na uihifadhi kwa miaka.

Kwa anayesahau tu, ilhali fedha anazo, dawa ni kuweka malipo ya kiwango cha chini yajilipe yenyewe kutoka benki, kisha kuongeza kwa mkono kiasi atakachoweza.

Kuhusu kadi, kinachopimwa ni uwiano wa salio na kikomo. Kadi yenye kikomo cha 100,000 na salio la 80,000 imetumika kwa asilimia 80, na hilo huishusha alama hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Kiwango cha asilimia 30 hutajwa kila mahali kana kwamba ni mpaka wa kisheria, lakini hesabu haina ukuta hapo. Kadiri uwiano unavyoshuka ndivyo alama zinavyofaidika, na wenye alama za juu kabisa kwa kawaida huwa chini ya asilimia 10. Kinachowashangaza watu wanaolipa salio lote kila mwezi ni kuona bado wanasomeka kama wenye deni kubwa. Sababu ni kwamba kampuni nyingi za kadi huripoti salio la siku ya kufunga hesabu ya mwezi, ambayo hutangulia tarehe ya mwisho ya kulipa kwa wiki kadhaa. Ukilipa siku chache kabla ya hesabu kufungwa, salio linaloripotiwa huwa dogo. Uzuri wa sehemu hii ni kwamba, katika matoleo mengi ya alama yanayotumika, haikumbuki yaliyopita: salio likishuka na kuripotiwa, alama huanza kupanda katika mwezi huo au unaofuata.

Wapo wanaoshauriwa kuacha deni dogo kwenye kadi kila mwezi ili kujenga alama. Ushauri huo si wa kweli, na anayeufuata hulipa riba bila kupata chochote. Kufunga kadi ya zamani usiyoitumia nako hakusaidii kama inavyodhaniwa, kwani hupunguza kikomo chako cha jumla na kuufanya uwiano upande ghafla. Ikiwa haina ada ya mwaka, iache wazi na uitumie mara chache kwa kitu kidogo. Ikiwa ina ada kubwa, au ikiwa kuwepo kwake kunakushawishi ununue usivyovihitaji, ifunge bila kujali alama.

Maombi mapya ya mkopo yapungue. Kila ombi huacha kumbukumbu ya ukaguzi, ambayo Marekani hukaa miaka 2 katika taarifa ingawa FICO huihesabu kwa miezi 12 tu. Anayelinganisha riba za mkopo wa nyumba au gari asiogope, mradi afanye maombi yake ndani ya kipindi kifupi: matoleo ya FICO huyahesabu kama ombi moja yakiwa ndani ya siku 14 hadi 45, kutegemea toleo. Mchanganyiko wa aina za mikopo haustahili kukopa kwa ajili yake.

Asiyewahi kukopa ana tatizo la namna nyingine, maana hana alama mbaya bali hana kitu cha kupimwa. FICO huhitaji angalau akaunti moja yenye umri wa miezi 6 na iliyoripotiwa ndani ya miezi 6 iliyopita. Njia ya kawaida ni kadi inayodhaminiwa na amana yako mwenyewe, au mkopo mdogo kutoka chama cha akiba na mikopo, ukiwa umeuliza kwanza kama huyo mkopeshaji hupeleka kumbukumbu nzuri na si zile mbaya pekee. La sivyo utakuwa umelipa kwa uaminifu na hakuna aliyeandika.

Akaunti usiyoifungua ikionekana, shughulikia kama wizi na si kama kosa la uandishi. Mwaka 2017 wadukuzi walichukua data za takribani watu milioni 147 kutoka Equifax, na tangu Septemba 2018 kufungia taarifa isifunguliwe na wakopeshaji wapya ni bure Marekani kwa kampuni zote tatu. Ifungie kwa kila moja, toa ripoti polisi, mwandikie mkopeshaji aliyetoa fedha hizo, na uifungulie kwa muda tu pale utakapohitaji mkopo mwenyewe.

Anayejiandaa kuomba mkopo mkubwa aanze kuzisoma taarifa zake miezi mitatu au minne kabla, ili pingamizi lipate muda wa kuchunguzwa na salio lililoshushwa lipate kuripotiwa. Akikataliwa hata hivyo, aombe sababu kwa maandishi pamoja na jina la kampuni iliyotoa taarifa iliyotumiwa. Marekani, kukataliwa huko humpa haki ya nakala nyingine ya bure akiiomba ndani ya siku 60. Nakala hiyo ailinganishe na ile aliyoisoma mwanzo, kwa kuwa mkopeshaji huenda alitazama kampuni ambayo yeye hakuitazama, na sababu iliyoandikwa katika barua ndiyo itakayomwonyesha ni mstari upi wa kuanza nao.